Mrututu: mnunuzi apime shaba, asitazame rangi tu

WAFANYABIASHARA wa pembejeo wanaoagiza mrututu wanashauriwa kuuliza kiasi cha shaba kilichomo kabla ya kuuliza bei ya mfuko, kwani rangi ya buluu peke yake haithibitishi ubora.

Mrututu ni chumvi itokanayo na shaba, mara nyingi chakavu, inayoyeyushwa katika asidi ya salfa kwa msaada wa hewa. Ule wa chembe za buluu umebeba maji ndani yake, na ukiwa safi una shaba asilimia 25.4. Ipo aina nyingine yenye maji machache, ambayo shaba yake hukaribia asilimia 36. Bei za aina hizo mbili hazilinganishwi kilo kwa kilo.

Mfuko wa kilo 25 ulio safi una shaba karibu kilo 6.4. Ukichanganywa na chumvi rahisi hadi shaba ikashuka kufikia asilimia 20, zinabaki kilo 5. Mkulima hupulizia dawa hafifu, na muuza duka hupoteza mteja.

Soko lake ni pana. Mwaka 1885 Mfaransa Millardet alitangaza kuwa mrututu uliochanganywa na chokaa huzuia ugonjwa wa mizabibu. Dawa za shaba zikaja kutumika pia kwenye kahawa dhidi ya kutu ya majani na chulebuni. Bila chokaa, mrututu huunguza majani. Wanunuzi wengine ni viwanda vya chakula cha mifugo, wafugaji wanaoosha kwato za ng'ombe, watengenezaji wa dawa za mbao, na migodi inayotenganisha zinki na mawe.

Bei hufuata soko la metali la London. Tani ya shaba iliuzwa chini ya dola 5,000 Machi 2020, lakini Mei 2024 ilivuka dola 11,000. Shaba ikiwa dola 10,000, iliyomo katika tani moja ya mrututu safi ina thamani ya dola 2,540, kabla ya asidi, kazi na nauli. Anayeuza chini sana ya hapo aombwe cheti cha maabara.

Ghalani, mifuko iwekwe pakavu, juu ya mbao. Mrututu ulioyeyuka hula chuma, hivyo mapipa ya plastiki ndiyo yafaayo. Mabaki yasimwagwe mtoni, kwani huua samaki.