Ukuta, Reli na Usalama wa Wageni wa Likizo: Funzo kutoka Dawlish

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mji wa Dawlish, kaunti ya Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, methali hii ina uzito wa aina yake, kwani huko ukuta wa bahari ndio unaoikinga reli. Makala haya yananuia kueleza jinsi dhoruba ilivyoukata ukuta huo, jinsi ulivyokarabatiwa, na jambo ambalo ukarabati huo hauwezi kumfanyia mgeni anayekwenda ufuoni kupunga upepo.

Reli hiyo ilibuniwa na mhandisi Isambard Kingdom Brunel, ikafunguliwa mwaka wa 1846. Inapita baina ya majabali na bahari, na ndiyo njia kuu ya garimoshi kuelekea Plymouth na Cornwall, maeneo yanayopendwa na watalii. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 2014, mawimbi yaliubomoa ukuta kwa urefu wa takriban mita 80. Ukuta ulipotoboka, maji yalizoa udongo na kokoto zilizokuwa nyuma yake, hata reli na mataruma yakabaki yakining'inia hewani. Wakazi wa nyumba za karibu walilazimika kuhama.

Wahandisi walianza kwa kupanga makontena yaliyojazwa vifusi mbele ya pengo ili kupunguza nguvu za mawimbi, kisha wakalijaza pengo lenyewe zege. Kabla hawajamaliza, mwezi wa Machi, jabali lenye uzito wa tani zipatazo 20,000 lilianza kuporomoka karibu na Teignmouth. Iliwabidi walimwagie maji ili sehemu iliyolegea iteremke kwa mpango, isije ikaiangukia reli baadaye. Njia ilifunguliwa tena tarehe 4 Aprili 2014, kabla ya likizo ya Pasaka ambayo wafanyabiashara wa huko huitegemea. Aidha, ukuta mpya, unaouzidi ule wa kale kwa kimo cha mita 2.5 na wenye ukingo uliopinda ili kuyarudisha mawimbi baharini, ulikamilika mwaka wa 2023.

Hata hivyo, ifahamike kuwa ukuta hulinda reli na nyumba zilizo nyuma yake; aliyesimama juu yake hulindwa na maarifa yake mwenyewe. Wimbi linalogonga ukuta hupaa na huweza kurusha kokoto. Wavuvi wa pwani ya Afrika Mashariki wamelihifadhi somo hili katika lugha: hutofautisha bamvua, yaani wakati maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana. Dhoruba ikikutana na bamvua, hatari huzidi. Kwa hivyo, awe Dawlish au Mombasa, mgeni hana budi kujua saa za kujaa maji, kuwauliza wenyeji, kuheshimu vizuizi na kutoukaribia ukuta kwa ajili ya kupiga picha wakati wa tufani.

Reli ya Dawlish ilirejeshwa kwa miezi miwili. Uhai wa mtu aliyezolewa na wimbi haurejeshwi.