Gari ya kujitengenezea: nani ataipa jina?

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama na watoto mnaowangoja nyumbani, leo tunazungumza juu ya gari. Si ile inayoingia kupitia Kasindi na makaratasi yake ya duane, ila ile inayozaliwa katika garaji zetu za Butembo na Beni: shasi ya kamio moja, moteri ya nyingine, kabini iliyounganishwa kwa moto, karoseri ya mbao. Watu wetu ni mafundi tangu zamani. Aliyechonga chukudu na kuvalisha magurudumu yake kipande cha pneu kuukuu ili ibebe viazi na makaa, huyo hawezi kuogopa kamio.

Lakini chukudu haiulizwi carte rose. Kamio inaulizwa.

Sisi tulijifunza hayo njiani. Tulipanda gari ya namna hiyo tukitoka upande wa Manguredjipa, juu ya magunia, pamoja na motopompe moja na wachimbaji waliokuwa wanarudi kwa familia zao. Kwenye mteremko freni zikakataa. Dereva akaiegemeza gari kwenye ukuta wa udongo, ikasimama. Mwenzetu mmoja alivunjika mkono, wengine tukatoka na michubuko. Tukamshukuru Mungu.

Maswali yakaanza hospitalini. Nani atalipa? Gari iko ya nani? Aliyeuza moteri alisema yeye aliuza moteri tu. Mwenye shasi alisema aliiuza kama chuma chakavu. Fundi alisema alilipwa kazi ya mikono. Dereva alikuwa kibarua. Gari ilikuwa na wazazi wengi, lakini hakuna aliyekubali kuwa baba yake. Mwishowe tulichanga sisi abiria, na mchimbaji yule akakaa miezi bila kushika sururu.

Tangu siku hiyo tunaangalia ukaguzi wa magari kwa jicho lingine. Wengi wetu tukisikia "contrôle technique" tunashika mfuko. Tuko na sababu. Barabarani vizuizi ni vingi, na si kila anayenyoosha mkono anakupa risiti. Lakini tusichanganye mambo: anayekula pesa ni mtu, ukaguzi wenyewe ni kitu kingine, na tunauhitaji.

Ukaguzi uko na kazi mbili. Ya kwanza kila mtu anaielewa: usalama. Sheria yetu ya barabarani, ile Loi n° 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978, haizungumzi tu juu ya dereva. Inasema pia gari yenyewe iwe namna gani: freni, taa, na mengine. Gari ya kiwandani ilipimwa mara nyingi kabla ya kuuzwa. Ya kwetu inapimwa mara ya kwanza siku inapoteremka mlima na watu juu yake.

Kazi ya pili ndiyo wengi hawaioni: kuipa gari jina. Jina la gari ni numero ya shasi. Kwenye magari ya siku hizi numero hiyo iko na herufi na tarakimu 17. Hazitumiwi herufi I, O na Q, ili mtu asizichanganye na 1 na 0. Kutoka kwenye numero hiyo ndipo inatoka carte rose, plaki na asiransi. Gari bila numero ni kama mtoto ambaye hakuandikwa: yupo, anakula, lakini hana haki.

Kwa wenzetu wa mbali jambo hili liko na njia yake. Uingereza, anayejijengea gari nyumbani anaipeleka kwenye ukaguzi wa gari moja-moja, wanaouita IVA. Mkaguzi anaangalia freni, usukani, taa, mikanda, hata moshi na makelele. Kama asili ya vyuma haijulikani, gari inaweza kupewa numero mpya ya shasi na plaki inayoanza na herufi Q, ili kila mnunuzi ajue kwamba historia yake si kamili. Ufaransa wanaiita "réception à titre isolé". Hakuna anayemwambia fundi: usijenge. Wanamwambia: jenga, kisha lete tuone.

Kwetu njia iliyozoeleka ni ya gari inayotoka nje. Inapita duane kwa DGDA, OCC inaikagua, kisha plaki na carte rose zinafuatiliwa kwa DGI. Sasa gari iliyozaliwa Butembo ilipita mpaka gani? Hapo ndipo mwenye gari anakwama: anaombwa karatasi ya kuingia, na gari haikuingia popote. Shasi ndiyo iliingia siku moja, na moteri siku nyingine.

Basi ushauri wetu ni huu: anza na makaratasi kabla ya kuanza na vyuma. Ukinunua shasi kuukuu, usikubali bila carte rose yake na karatasi ya mauzo yenye saini ya muuzaji na mashahidi. Fanya vilevile kwa moteri. Usimruhusu fundi asage au afunike numero iliyopigwa kwenye shasi, hata akikuambia kutu imeila. Piga picha ya numero hiyo kabla ya rangi. Nenda kwenye Division ya Transport kabla ya kuanza kazi, uliza wanataka nini kwa gari iliyobadilishwa, na omba jibu lao kwa maandishi. Na kila pesa unayotoa, dai risiti.

Usingoje pia mkaguzi wa serikali ndipo ujue kama freni zinashika. Pakia gari uzito wake wa kweli, bila abiria, ijaribu kwanza mahali tambarare, kisha kwenye mteremko mdogo. Angalia pale vyuma vilipounganishwa: mpasuko mdogo leo ni shasi mbili kesho.

Kuhusu asiransi, tangu 1973 sheria inailazimisha kwa kila gari yenye moteri, ili aliyeumizwa alipwe. Zamani ilikuwa SONAS peke yake. Sheria ya 2015 ilifungua mlango kwa kampuni zingine. Lakini asiransi inaandikwa juu ya gari inayojulikana. Gari yetu ya Manguredjipa, hata mwenyewe angetaka kulipa, angeandika jina gani?

Kwa ndugu wa Beni kuna zaidi. Tangu Mei 2021 jimbo letu liko chini ya état de siège, na mauaji yametufundisha kuogopa kila kitu tusichokijua. Gari isiyo na plaki ikisimama gizani, askari hawezi kujua kama imebeba mchimbaji au adui. Hapo karatasi inaweza kuokoa uhai.

Kwa wakubwa wetu tuko na ombi moja. Jirani yetu Uganda, mwaka 2011, chuo kikuu cha Makerere kilionyesha Kiira EV, gari ndogo ya umeme iliyojengwa na wanafunzi na walimu wake, na serikali iliwaunga mkono. Sisi hatuombi kiwanda. Tunaomba siku zinazojulikana, Butembo na Beni, ambapo mkaguzi mwenye ujuzi anapokea magari yaliyotengenezwa hapa, bei ikiwa imebandikwa ukutani, na gari iliyofaulu ipewe numero. Serikali itapata kodi yake, fundi atapata heshima yake.

Pesa ya gari hizi inatoka shimoni, gramu kwa gramu. Mchimbaji anayejua kupima dhahabu kwenye mizani mbele ya mnunuzi asikubali kupanda gari ambayo hakuna aliyeipima. Yule mwenzetu amepona mkono. Siku hizi, kabla ya kupanda, anauliza kwanza: "Hii gari iko ya nani?" Wakicheka, anatembea kwa miguu.