Nyungwe, Msitu wa Maporomoko Nchini Rwanda

Malori yanayopita Runzewe, hapa kwetu Bukombe, usiku na mchana yametuzoesha kuiona Rwanda kama mahali pa kushushia mizigo tu. Tunawauzia madereva chai na chapati, wao wanaendelea na safari. Wachache kati yetu wanajua kwamba mwisho wa barabara hiyo, kusini magharibi mwa Rwanda, upo msitu mkubwa wa milimani, na kwamba sehemu ya maji yake hutufikia sisi huku.

Njia ni ileile ya malori: Nyakanazi, Lusahunga, Benaco, kisha daraja la Rusumo juu ya mto Kagera. Hapo ndipo pana maporomoko ya kwanza. Si marefu, lakini mto mzima unabanwa na miamba na kuporomoka kwa kishindo, maji yakiwa na rangi ya udongo. Nguvu yake imefungiwa mitambo ya megawati 80, umeme unaogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao laki mbili na nusu walivuka hapa kuja Ngara ndani ya siku moja hivi, wakikimbia vita na mauaji. Ni mahali pa kupita kwa heshima. Ng'ambo ya daraja gari linahamia kulia mwa barabara, na saa inarudishwa nyuma kwa saa moja.

Kuanzia Kigali unapita Huye na Nyamagabe, na njia nzima ni vilima vilivyolimwa mpaka kileleni. Ardhi ni ndogo, watu ni wengi. Ndiyo maana ukifika Kitabi unashangaa: mashamba ya chai yanakoma, msitu unaanza papo hapo, na baridi inaingia garini. Nyungwe ina zaidi ya kilomita za mraba 1,000, na mwaka 2023 iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Humo wamo sokwe, na mbega wanaotembea kwa makundi makubwa. Tembo hawapo tena. Wa mwisho aliuawa mwaka 1999, nao ni msiba ambao ulinzi wa leo hauwezi kuufuta.

Anayetaka maporomoko ya Kamiranzovu huanzia Gisakura, upande wa magharibi, akiwa na mwongozaji wa hifadhi. Unaanza kwa kupita kati ya michai, kisha unashuka. Njia inateleza, shika fimbo, vaa viatu vyenye meno. Makangaga yamerefuka kumzidi mtu, na magome ya miti yamefunikwa na kuvumwani iliyolowa ambayo ukiibonyeza kwa kidole inachuruzika maji. Mngurumo unausikia muda mrefu kabla ya kuona kitu. Halafu majani yanaachana, na mto mweupe kama tui unaanguka kwenye mwamba mweusi. Manyunyu yanakulowesha ukiwa bado mbali, na kuongea ni kwa kupiga kelele.

Maji hayo ya Kamiranzovu yanaelekea upande wa Kongo. Mgongo wa milima ya Nyungwe ndio unaogawa mvua: inayonyesha magharibi huishia mto Kongo, inayonyesha mashariki huingia Rukarara, kisha Nyabarongo, kisha Kagera, na kupita chini ya lile daraja la Rusumo hadi Ziwa Viktoria. Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingia ziwani, na maji ya ziwa hilo ndiyo yanayovutwa kwa mabomba kwenda Kahama na Shinyanga. Kwa hiyo askari wa msitu aliye Uwinka, ndani ya Nyungwe, anatulinda na sisi, ingawa hatujui jina lake. Sisi nasi tunakata miti kwa mkaa na kwa matimba ya mashimo ya dhahabu, na vijito vya kwetu vinakauka kabla kiangazi hakijaisha. Rwanda, kwa udogo wake wote, imekubali kuacha eneo kubwa namna hiyo bila jembe. Hilo linastahili kuigwa Bukombe.

Anayepanga safari ajue kwamba Juni hadi Agosti njia ni kavu zaidi, ila maji hupungua. Aprili na Mei maporomoko hujaa kabisa. Nenda wakati huo, na ubebe koti la mvua.