Nani Anaamua Askari Wetu Wavuke Ziwa?

Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,250. Kutoka hapa hadi Kongo ni maji tu, na upana wa Ziwa Tanganyika kwa wastani ni kilomita 50. Mtu wa Rusimbi hapa Kigoma anaposikia redioni kwamba askari wa JWTZ wako Kongo, hasikii habari za mbali. Wamanyema wa Ujiji asili yao ni ng'ambo hiyo, na wapo wenye shangazi Uvira na wajomba Baraka. Ndiyo maana kwenye baraza za kahawa mjadala huu huwa mkali. Mmoja atasema vita vya Wakongo tuwaachie Wakongo. Mwenzake atamjibu kwamba Kivu ya Kongo ikiwaka, wakimbizi hushukia Kigoma, si Dodoma, na atakukumbusha kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996 na mpaka leo haijafungwa.

Wote wawili wana hoja. Lakini kuna swali linalotangulia, nalo huulizwa mara chache: nani mwenye mamlaka ya kuwapeleka askari, na ni nani anayepaswa kuelezwa?

Katiba ya mwaka 1977 inatoa njia mbili. Ya kwanza iko Ibara ya 44: Rais anaweza kutangaza hali ya vita dhidi ya nchi nyingine, lakini akishatangaza ni lazima Spika apelekewe nakala ya tangazo, na Bunge liitishwe ndani ya siku 14 lijadili kama linaunga mkono au la. Ya pili iko Ibara ya 148, nayo ni fupi zaidi. Rais, akiwa Amiri Jeshi Mkuu, anaweza kuyaamuru majeshi yafanye operesheni yoyote anayoona ni ya lazima, ndani ya Tanzania au nje yake. Hapo hakuna siku 14, wala nakala kwa Spika.

Operesheni za JWTZ za Comoro mwaka 2008, Darfur, Kongo: hakuna hata moja iliyotangazwa kuwa vita. Hata vita ya Kagera, ambayo kila mzee anaikumbuka, ilikuwa ya aina yake. Idi Amin wa Uganda alikuwa ameshaingia ndani ya mpaka Oktoba 1978, kwa hiyo hapakuwa na mengi ya kubishania. Ubishi ulikuja pale majeshi yetu yaliposonga mbele hadi kuitwaa Kampala Aprili 11, 1979. Nao ulisikika kwa sauti kubwa Monrovia, kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika Julai mwaka huo, ambako viongozi wa Sudan na Nigeria walimlaumu Mwalimu Nyerere.

Kigoma yenyewe ina uzoefu wa zamani zaidi wa vita vya kupita kimyakimya. Aprili 1965 Che Guevara alivuka ziwa kutoka hapa kwenda kuwasaidia waasi wa Kongo, na Wacuba zaidi ya mia wakamfuata kwa awamu. Serikali yetu iliruhusu silaha na watu wapite. Raia hawakuambiwa kitu. Novemba mwaka huohuo walirudi kwa njia ileile wakiwa wameshindwa, na katika maelezo yake Che aliwalalamikia sana makamanda wa waasi waliopenda starehe za Kigoma kuliko mahandaki. Shutuma hiyo, nadhani, mji wetu unaweza kuibeba bila aibu.

Machi 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2098 na kuunda brigedi maalumu ya kwenda Kongo, ambayo askari wenyewe huiita FIB, ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Hawa hawakutumwa kusimama katikati ya wagombanao. Walipewa ruhusa ya kushambulia, na Novemba mwaka huo waasi wa M23 wakasalimu amri. Wananchi wengi waliielewa kazi ile kuwa ni ya kuwapiga M23, na wakadhani imekwisha. Azimio lakini lilisema vikundi vyenye silaha, halikuishia kwa M23. Desemba 7, 2017, kambi ya Semuliki katika eneo la Beni ilivamiwa na watu walioaminika kuwa ADF, kundi lenye asili ya Uganda, na Watanzania wasiopungua 14 wakauawa. Wengi wetu tulilisikia jina la ADF kwa mara ya kwanza siku ya majeneza.

Halafu kuna fedha, jambo linalopotoshwa sana barazani. Askari akiwa chini ya Umoja wa Mataifa, serikali yake hurudishiwa zaidi kidogo ya dola 1,400 kwa kila askari kwa mwezi. Misheni ya SADC iliyokwenda Kongo Desemba 2023 haikuwa na mpango huo; mzigo ulikuwa wa nchi wanachama. Kwa hiyo anayesema "tunakwenda kutafuta dola" anaweza kuwa na hoja kuhusu safari moja na asiwe nayo kabisa kuhusu nyingine.

Misheni hiyo ya SADC ndiyo kipimo kizuri, maana nchi zilikuwa zilezile tatu za FIB. Katiba ya Afrika Kusini, kifungu cha 201, inamtaka Rais alieleze Bunge upesi mambo manne: sababu, mahali, idadi ya askari na muda. Rais Ramaphosa akaandika: askari 2,900, mwaka mmoja, gharama ya zaidi ya randi bilioni 2. Goma ilipoanguka Januari 2025 na wenzao 14 wakafa, wabunge wao walikuwa na karatasi ya kuwahojia mawaziri. Sisi tulipoteza askari watatu kwa kombora Aprili 2024, na wengine wawili katika mapigano ya Januari 2025. Tulipata matangazo ya vifo. Machi 2025 SADC ikaamua kuifunga misheni.

Wanajeshi watasema siri ni uhai wa askari, na kuhusu ramani za kambi na njia za doria wako sahihi. Mambo manne ya kifungu cha 201 hayamwonyeshi adui handaki hata moja. Idadi ya askari M23 wangeweza kuihesabu kwa macho. Na ili kuanza si lazima kusubiri Katiba mpya. Bunge lina Kamati ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama, na mbunge yeyote anaweza kumuuliza Waziri wa Ulinzi bungeni: wanakwenda kwa nini, wapi, wangapi, mpaka lini. Mbunge wa Kigoma Mjini angeweza kuwa wa kwanza.