Moshi wa Shaba na Msitu wa Miombo Pembeni mwa Lubumbashi

Tanuru la kuyeyushia shaba la Lubumbashi lilianza kazi mwaka 1911. Mawe ya madini yalipochomwa yalitoa gesi ya salfa, na pamoja nayo vumbi la shaba, zinki, risasi na kobalti. Pepo za kiangazi katika Katanga huvuma kutoka kusini-mashariki; kwa hiyo moshi ulielekea kaskazini-magharibi mwa mji mwaka baada ya mwaka, na upande huo ndio uliokuja kubaki uwanda mtupu mahali palipokuwa na msitu wa miombo.

Suala la upande lina uzito mkubwa katika utafiti. Miombo ya kuzunguka Lubumbashi imekatwa sana kwa ajili ya makala na mashamba, na moto wa kila kiangazi huongeza hasara. Mtu angeweza kudai kwamba moshi unasingiziwa tu. Lakini shoka halifuati upepo. Udongo mtupu umetanuka kuanzia kwenye dohani kama pembe, kulingana na mwendo wa upepo, wala haukusambaa sawasawa pande zote za mji.

Uzalishaji wa shaba uliporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, na moshi ukapungua sana. Kwa kuwa miti ya miombo ina desturi ya kuchipua upya kutoka kwenye visiki na mizizi, ingetarajiwa msitu urudi. Haukurudi, kwa sababu asidi na shaba zimesalia katika tabaka la juu la udongo, na kadiri asidi inavyozidi ndivyo shaba inavyoyeyuka na kudhuru mizizi. Hapa neno “uchafuzi” linapungukiwa kidogo, kwani uchafu huoshwa au hufagiwa, ilhali shaba haiozi wala haichakai.

Mabadiliko ya tabianchi yanaongeza ugumu. Miti mingi ya miombo hutoa majani mapya kabla ya mvua za kwanza, ikitegemea maji yaliyohifadhiwa ardhini. Mvua zikichelewa na joto likizidi, majani hayo machanga hukabili ukame mrefu zaidi. Katika uwanda usio na kivuli hali ni mbaya zaidi: ardhi huungua kwa jua, na mvua inaponyesha maji hukimbia juu yake, yakichukua udongo na sumu yake.

Dawa imetafutwa kwenye vilima vya shaba vya Katanga, ambavyo mimea yake, iliyochunguzwa kwa miaka mingi na François Malaisse na wenzake, imezoea madini tangu kale. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wakishirikiana na wenzao wa Ubelgiji, walijaribu aina tatu za nyasi katika udongo uliotiwa mboji au chokaa, na matokeo yao yakatolewa mwaka 2010. Nyasi ya vilimani iitwayo Microchloa altera ilistahimili hata pasipo kuongezewa kitu. Shabaha haikuwa kuiondoa shaba. Ilikuwa kuifunga mahali ilipo, isipeperushwe na upepo wala isichukuliwe na maji.

Hata hivyo nyasi si msitu. Haitoi kuni, uyoga wala viwavi ambavyo wakazi wa Katanga hupata katika miombo, na mizizi yake mifupi haifiki inakofika mizizi ya mti. Wakati huohuo mji unapanuka, na nyumba zinajengwa juu ya udongo uleule.