Usingizi na Kumbukumbu ya Mwanafunzi

Majuma ya mitihani yanapokaribia, taa za mabweni ya vyuo vikuu huwaka mpaka alfajiri. Mwanafunzi hujitayarishia chupa ya kahawa, akatia miguu katika beseni la maji baridi, akakesha na madaftari yake. Hudhani kwamba kila saa aliyoupunja usingizi ni saa aliyoiongeza katika masomo. Hesabu hiyo ina kasoro, na kasoro yenyewe ilionekana zamani.

Mwaka 1924, John Jenkins na Karl Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walifanya jaribio kwa wanafunzi wawili tu. Wanafunzi hao walikariri orodha za silabi kumi zisizo na maana, ili maarifa ya zamani yasiwasaidie. Mara nyingine walikariri usiku wakalala palepale katika maabara. Mara nyingine walikariri asubuhi wakaendelea na shughuli zao. Walipoulizwa baada ya saa nane za usingizi, walikumbuka zaidi ya nusu ya silabi. Baada ya saa nane za kukaa macho, walikumbuka kama moja tu katika kumi. Watu wawili ni wachache mno kujengea kanuni, na mwalimu wa sayansi atafanya vema kuwaonyesha wanafunzi wake udhaifu huo. Hata hivyo, majaribio mengi yaliyofuata yameelekea upande uleule.

Sababu yake ni hii. Mambo mapya ya mchana hupokewa kwanza na sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi. Katika usingizi mzito, seli za neva zilizoshughulika na mambo hayo huamshwa tena, nayo huhamishiwa pole pole katika gamba la ubongo, yakaungana na maarifa ya zamani. Anayekesha huvuna asitie ghalani.

Kahawa haiondoi haja hiyo. Kadiri mtu akaavyo macho, kemikali iitwayo adenosini huzidi kulimbikizana ubongoni na kumletea uzito wa usingizi. Kafeini huziba vipokeo vya adenosini: uchovu haupungui, ila habari zake hazifiki. Tena kiasi cha nusu ya kafeini huwa ingali mwilini baada ya saa tano hivi, kwa hiyo kikombe cha saa nne usiku bado kinafanya kazi saa tisa.

Mwaka 1997, Drew Dawson na Kathryn Reid walionyesha huko Australia kwamba mtu aliyekaa macho saa 24 mfululizo hukosea katika kazi ya kuoanisha jicho na mkono sawa na mtu mwenye alkoholi ya asilimia 0.10 katika damu. Kiasi hicho kimepita mpaka uliowekewa madereva katika nchi nyingi. Katika hali hiyo mkeshaji huingia chumba cha mtihani.

Mazoea haya huanza kabla ya chuo kikuu. Kijana wa miaka 13 hadi 18 huhitaji saa 8 hadi 10 za usingizi, na katika umri huo melatonini, homoni iuarifuyo mwili kuwa usiku umeingia, huchelewa kutoka. Katika shule ya bweni ambamo masomo ya usiku humalizika saa nne na kengele ya kuamka hulia saa kumi alfajiri, hata alalaye papo hapo hupata saa sita tu.