Kabla ya Kununua Sensa

Ile taa ya manjano yenye picha ya gari na mistari miwili iliyopinda nyuma yake husema mambo mawili tofauti. Ikiwaka na kuzimika haraka haraka unapopanda mlima wenye tope, mfumo wa kuzuia utelezi uko kazini: umeona gurudumu moja linazunguka bure, ukalishika kwa breki au ukapunguza nguvu ya injini. Hapo hakuna ugonjwa. Ikiwaka ikaganda, mfumo umejizima. Breki za kawaida zitashika, ila siku ya mvua, tairi likianza kuteleza, hutakuwa na msaidizi.

Mama mmoja aliniletea gari lake likiwa limeshafungwa sensa mpya mbili kwenye magurudumu ya mbele. Mafundi waliotangulia walianza na ya kulia, taa haikuzima, wakanunua na ya kushoto. "Fundi, kompyuta ilisema sensa," akaniambia.

Kompyuta haisemi hivyo, na hapa ndipo fedha nyingi za watu zinapopotea. Kwenye magari mengi ya Toyota, kwa mfano, msimbo C0200 unahusu ishara ya gurudumu la mbele kulia, na C0205 la mbele kushoto. Maana yake ni kwamba kontroli boksi ya breki haikupata taarifa sahihi kutoka upande huo. Kati ya gurudumu na boksi kuna sensa, plagi, waya wenye urefu wa mita kadhaa, na pini za boksi lenyewe. Msimbo unakutajia njia. Palipokatika utapatafuta mwenyewe.

Mimi huanza na betri. Ikiwa imepumzika isome karibu volti 12.6, na injini ikinguruma kati ya 13.5 na 14.5. Umeme ukishuka sana boksi hujizima kwa kujilinda, na utahangaika na magurudumu bure. Kisha nasoma misimbo ya mifumo yote. Vile vifaa vya bei ndogo vingi husoma ya injini tu, inayoanza na P. Ya breki na chesi huanza na C, ya mawasiliano kati ya maboksi huanza na U. Kuna msimbo mmoja wa Toyota, C1201, ambao kazi yake ni kusema kwamba injini ndiyo yenye hitilafu. Koili moja ya plagi ikifa, taa ya utelezi inaweza kuwaka pamoja na ya injini, wakati magurudumu yote manne hayana neno.

Baada ya hapo tunaingia barabarani. Dereva anakwenda kilomita 20 kwa saa, barabara iliyonyooka, mimi natazama namba za magurudumu manne kwenye skrini. Gari la mama yule lilionyesha 20 tatu, na ile ya mbele kulia ikawa inaruka: 20, 0, 19, 0. Na ilianguka zaidi tulipokata kona.

Nikavua tairi. Waya wa sensa hutoka kwenye habu, unapita kando ya shokabsoba, unaingia kwenye plagi iliyojificha ndani ya madigadi. Nikachomoa plagi zote mbili, ya kwenye sensa na ya kwenye boksi, nikapima waya kwa mita huku magurudumu yamenyooka: karibu omu sifuri, waya mzima. Mafundi wengi huishia hapo. Nikamwomba kijana azungushe stelingi taratibu mpaka mwisho. Mita ikapoteza usomaji. Akairudisha, usomaji ukarudi. Nikachana ganda la nje pale waya unapopinda, na shaba ndani ilikuwa imegeuka unga wa kijani. Hapa pwani, hewa ya chumvi ikipata mwanya mdogo haihitaji muda mrefu.

Sensa zenyewe zina aina mbili, na kuzichanganya ni hatari. Za zamani ni koili yenye sumaku mbele ya gurudumu la meno. Hizo hupimwa kwa omu, nyingi zikiwa karibu na 1,000. Za kisasa hupewa umeme na boksi, nazo hujibu kwa kubadili mkondo kati ya miliampia 7 na 14 hivi. Kuzipima kwa omu hakukuambii kitu, na kunaweza kuziua. Nyingi kati ya hizi husoma pete ya sumaku iliyomo kwenye beringi. Beringi mpya ikifungwa kinyume, sensa nzima kabisa haitaona chochote.

Ethi ya pampu ya breki inataka kipimo kingine. Pampu hula umeme mwingi. Kutu yenye omu 0.05 tu, ambayo mita ya kawaida haiwezi kukuonyesha vizuri, kwenye ampia 20 inakula volti 1 nzima. Kwa hiyo pima volti kati ya hasi ya betri na ethi ya boksi, pampu ikiwa inafanya kazi. Ikizidi 0.2, fungua boliti, sugua mpaka chuma king'ae.

Waya wa yule mama niliubadilisha kipande kizima, nikaweka maungio mbali na mpindo, kwa sababu risasi ya kulehemu hukakamaza waya na ukakatika tena palepale. Nyuzi mbili nikazisokota kama zilivyokuwa, maana msokoto huo huzuia kelele za umeme. Tepu peke yake sikuiamini.

Sensa zake za zamani zilikuwa kwenye buti, zimefungwa kwenye gazeti. Nilirudisha ile ya kulia, tukaingia tena barabarani. Skrini ikasoma 20, 20, 20, 20.